Duara la Jarmila Halitaki Kufunga

Saa moja kasoro robo asubuhi, na Jarmila Skácelová ameshainuka kitini mara nne. Anakaa, anagonga uma wa sauti kwenye goti, anaung'ata mpini kwa meno, anasikiliza, anainuka. Anazunguka piano. Anasogeza kiti kushoto kwa upana wa vidole viwili. Anakaa tena.

Ukumbi wa shule ya muziki ya Bradlov una viti mia moja na ishirini, na vyote ni vitupu. Kifuniko cha piano kimesimamishwa. Utepe mwekundu wa kitambaa kizito umepitishwa katikati ya nyuzi ili kila noti ibaki na uzi mmoja tu unaolia. Nyingine zimezibwa kinywa.

"Boila!" anapaza sauti kuelekea mlangoni. "Pazdera! Zima boila lako, linaimba!"

Mtunza jengo, Ctibor Pazdera, anachungulia akiwa na kikombe mkononi. Wamesoma darasa moja tangu wana miaka sita, na tangu hapo hawajawahi kuzungumza kwa adabu.

"Linaimba nini?"

"Noti ileile ninayoitafuta mimi, tena linaikosea."

"Basi lilipe kodi ya ukumbi. Bi mkubwa, nje ni nyuzijoto tano chini ya sifuri. Jengo hili likipoa halipati joto mpaka Pasaka. Watoto wa zumari wakija mchana watakuwa na midomo ya bluu."

"Wavae soksi."

"Midomoni?"

"Zima, Pazdera."

Anazima. Kimya kinashuka, na Jarmila anainua ufunguo wake wa kukazia nyuzi, chuma kirefu chenye mpini wa mti uliong'arishwa na jasho la kiganja kimoja kwa miaka thelathini na minane.

Jarmila ana umri wa miaka hamsini na tisa na ni mlinganishaji wa piano. Katika vilima hivi vya Moravia, kila kijiji kina piano mahali fulani: kwenye baa, kwenye chekechea, sebuleni kwa bibi aliyekufa ambaye wajukuu wanaona aibu kuiuza. Zamani alikuwa akilinganisha mia moja na arobaini kwa mwaka, kila moja kwa koruna elfu moja na mia sita, na huko mashambani walimwongezea mayai au kipande cha nyama ya nguruwe iliyochinjwa wiki hiyo.

"Mwaka jana zilikuwa tisini na moja," anasema. "Watu wananunua za umeme. Ya umeme huwezi kuilinganisha. Unaifuta vumbi tu."

Lakini si piano za umeme zinazomnyima utulivu asubuhi hii. Septemba iliyopita aliugua mafua ya siku nne, na siku ya tano aliamka sikio la kulia limekufa. Halisikii mlango, halisikii simu. Linasikia kitu kimoja tu, filimbi yake lenyewe, usiku na mchana, "kama birika ambalo hakuna mtu wa kulitoa jikoni."

Daktari alimpa vidonge, kisha akampa pole. Jarmila hakumwambia mtu. Si dada yake, si Pazdera, si shule.

"Mlinganishaji anayesema sikio lake moja limekufa ni sawa na mwokaji anayesema ana kifua kikuu," anasema. "Hata kama mkate ni mzuri, nani atanunua?"

Leo amejipa mtihani mwenyewe. Jumamosi watoto wa miji minane watakuja kushindana kwenye piano hii. Atailinganisha kwa sikio moja, bila mashine. Duara la noti likifunga, anaendelea na kazi. Lisipofunga, ufunguo unaingia sandukuni na hautoki tena.

"Si siku hizi kuna simu?" anauliza Pazdera, ambaye hajaondoka mlangoni. "Mpwa wangu ana gitaa. Anaiwekea simu, sindano inamwonyesha, kwisha."

"Simu ipo mfukoni. Itaniambia noti iko wapi. Haitaniambia kama mimi bado nipo."

Pazdera haelewi maana yake. Anakunywa kahawa.

Kazi yenyewe, ukiieleza, ni fupi. Uma wa sauti unampa noti moja tu, A. Nyingine zote anazitafuta kwa sikio, na njia yake ni ile ya mafundi wote: tano na nne. Aliyewahi kuimba kwaya anazijua. Kutoka do kupanda hadi sol ni tano. Kutoka do hadi fa ni nne. Hakuna noti mbili tofauti zinazopendana kuliko hizo. Zikikaa sawasawa zinatulia kama maji ndani ya ndoo. Zikikosana kidogo zinaanza kupepesuka, wo, wo, wo, na fundi huhesabu huko kupepesuka.

Basi anatoka A, anapanda nne, anafika D. Anashuka tano, anafika G. Anapanda nne, C. Anashuka tano, F. Panda, shuka, kwenye vitufe vyeupe kisha vyeusi, bila kutoka katikati ya piano. Hatua ya kumi na mbili inamrudisha A alikoanzia, na njiani amegusa kila sauti iliyomo: hakuna iliyorukwa, hakuna iliyoguswa mara mbili. Hilo ndilo duara.

Taabu ni kwamba duara halifungi lenyewe. Ukiacha kila tano iwe safi kabisa kama sikio linavyotaka, ile ya mwisho inakosa nafasi. Inabanwa, inapiga mayowe. Mafundi huyaita mayowe hayo mbwa mwitu.

"Baba alinieleza kwa pipa," anasema Jarmila, huku akihama upande mwingine wa piano bila sababu yoyote. "Babu yangu alikuwa fundi wa mapipa ya kabichi. Baba akaniambia, chukua mbao kumi na mbili. Kila moja ipige randa kidogo, kidogo tu, mtu asione. Ukiionea huruma hata moja, ya mwisho haiingii. Ukiipigilia kwa nyundo itaingia, lakini pipa litavuja kwingine."

Ndiyo maana kila tano anaipunguza unywele, na kila nne anaiongeza unywele. Hakuna iliyo safi, hakuna iliyo mbovu.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kuondoa kosa. Kosa haliondoki. Kazi yangu ni kuligawa, kila mmoja abebe kidogo, asilie mtu."

Saa mbili na dakika tano anafika hatua ya kumi na mbili. Anabonyeza E na A kwa pamoja.

Wo-wo-wo-wo-wo.

Anabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba piano ndiyo isiyosikia vizuri. Wo-wo-wo-wo-wo. Mara tano kwa sekunde, mahali ambapo ilitakiwa isifike hata moja.

"Huyo anayelia ni nani?" anauliza Pazdera.

"Nenda kafagie."

"Nimeshafagia."

"Kafagie tena."

Peke yake, anatembea hadi dirishani na kurudi. Mahali fulani kati ya hatua kumi na mbili hakupunguza vya kutosha, na hajui ni wapi. Anachotakiwa kufanya ni kurudi mwanzo. Anachokijua mkono wake ni kingine.

Marehemu baba yake, Oldřich, alifanya kazi kiwanda cha piano siku za wiki, na Jumamosi alizunguka baa za vijijini. Piano za baa zilikuwa zimelowa bia, pini zake zimelegea, na duara halikufunga hata ungelipigia magoti. Oldřich alikuwa na dawa. Mbwa mwitu huwezi kumuua, alisema, lakini unaweza kumfungia banda. Alimfukuza noti kwa noti mpaka kwenye kona ya vitufe vyeusi, kona ambayo wapiga dansi ya polka hawafiki hata wakiwa walevi. Alikunywa glasi yake, akaenda zake. Baa si kanisa.

Jarmila anakaa. Anaipandisha E mpaka inakubaliana na A. Sasa B ndiyo inayolia. Anaisogeza B. Kisha ile nyeusi iliyo chini, kisha nyingine nyeusi, kisha ya tatu. Noti tano moja baada ya nyingine, kama mtu anayesukuma takataka kwa ufagio hadi nyuma ya mlango. Anafanya haraka. Uso wake umekunjamana.

Si mara ya kwanza kufanya hivyo kwenye piano hii. Oktoba, mwezi mmoja baada ya sikio kufa, duara lilimkatalia hivihivi. Siku ile alijiambia ni tamasha la wazazi tu, watoto watacheza vipande vyao vya C na G, karibu vitufe vyeupe tupu. Alimfukuza mbwa mwitu hadi kona ileile na akaketi safu ya tatu kusikiliza.

Mtoto wa tisa aliitwa Apolena Vrtalová, wa miaka kumi na moja. Alicheza kipande cha polepole kilichojaa vitufe vyeusi. Alipofika mstari wa nne, ukumbi mzima ukajaa sauti iliyopinda. Apolena akasimama. Akaitazama mikono yake. Akaanza upya, akafika palepale, akasimama tena. Kisha akashuka jukwaani, na watu wakampigia makofi ya kumtia moyo.

"Makofi yale," anasema Jarmila. Haimalizi sentensi. Anainuka.

Tangu siku hiyo, kila mara shule ilipompigia simu, alisema mgongo unamuuma.

Saa tatu kasoro mwalimu mkuu, Hedvika Brázdilová, anaingia na koti lake bado begani.

"Bi Skácelová! Mgongo je?"

"Mgongo upo."

"Naruhusiwa?" Hangoji jibu. Akiwa amesimama, anapiga polka ya C, anapanda ngazi mbili tatu za sauti, anacheka. "Loo! Inang'aa! Na hata saa tatu haijafika. Nilisema mimi, hakuna kama wewe. Basi zilizobaki malizia taratibu, hapo katikati pameshakaa."

Jarmila yuko dirishani, amewapa mgongo piano na mwalimu mkuu. Vidole vyake vinapiga ubao wa dirisha. Neno linalotakiwa ni moja tu, ahsante. Jumamosi ipite, na watoto wengi wanacheza vitufe vyeupe.

"Cheza kipande cha Apolena," anasema.

"Kipi?"

"Kile cha Oktoba."

Brázdilová anamtazama, kisha anakaa. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyo, kipande anakijua kwa moyo. Mstari wa kwanza unapita. Wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne piano inapiga yowe, na mikono yake inasimama palepale iliposimama ya mtoto.

Anabonyeza vitufe vilevile tena, kimoja kimoja, halafu kwa pamoja. Uso wake unakunjamana kama wa aliyeuma ndimu.

"Sauti hii naijua," anasema.

"Unaijua tangu Oktoba."

"Nilidhani ni woga. Nilimwambia mama yake ni woga. Nilimpa mtoto mazoezi ya kupumua!"

"Najua."

"Ulikuwepo?"

"Safu ya tatu."

"Ukakaa kimya."

"Nikakaa kimya. Kesho yake nikaja saa kumi na mbili asubuhi, Pazdera akanifungulia, nikalisambaza kosa kwenye noti nyingine ili lisionekane."

"Uliniambia umesahau miwani," sauti ya Pazdera inasikika kutoka mlangoni. Hakwenda kufagia.

"Nilikudanganya."

Brázdilová anasimama. Miaka yote amekuwa akimwita Bi Skácelová. "Ameacha, Jarmila. Miezi mitano hajagusa piano. Anasema mikono yake ina kasoro. Mtoto wa miaka kumi na moja ananiambia mimi mikono yake ina kasoro, na mimi namwambia pumua!"

Jarmila anasema yote yaliyobaki kwa pumzi moja: sikio la kulia, Septemba, daktari, mtihani wa leo, noti tano alizozisukuma muda mfupi uliopita. Hasemi samahani. Baadaye anasema aliona neno hilo ni dogo mno kulitoa asubuhi hiyo.

"Kwa hiyo nina mashindano keshokutwa," anasema mwalimu mkuu, "na mlinganishaji kiziwi."

"Nusu kiziwi."

"Usinifanyie mzaha!"

"Sifanyi. Nipe mpaka saa sita. Lisipofunga, mimi mwenyewe nitampigia fundi mwingine, na nitamshikia tochi."

"Mpaka saa tano na nusu. Na atakayepima ni mimi."

Mlango unafungwa kwa kishindo ambacho Jarmila, kwa bahati mbaya, anakisikia vizuri sana.

Analegeza nyuzi zote za katikati na kuanza tena kwenye A. Panda nne. Shuka tano. Anaegemea mbele kama alivyoegemea maisha yake yote, ufunguo mkono wa kulia, bega la kulia limeshuka, kichwa kimelala kuelekea kwenye nyuzi. Hatua ya nne. Ya tano. Anasimama, anatikisa kichwa, anarudi ya tatu.

Pazdera amekaa kwenye ngazi za jukwaa anakula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu. Anamwangalia kwa muda mrefu.

"Umesema limekufa lipi?"

"La kulia. Unalitaka liwe ukumbusho?"

"Basi mbona hilo ndilo unalolitumbukiza humo ndani? Tangu asubuhi naona unainama kama ng'ombe anayekunywa upande mmoja. Sikio zima unaliacha linasikiliza viti."

Jarmila anabaki hivyohivyo, kichwa kimelala. Sikio la kulia liko shubiri moja kutoka kwenye nyuzi. La kushoto limeelekea ukumbini, ambako sauti inarudi imechoka, imegonga ukuta na dari. Kwa miezi sita amekuwa akihesabu mwangwi.

Angeligundua mwenyewe? "Hapana," anasema bila kusita. "Mwili haukuuliza. Na hapakuwa na mtu wa kunitazama, kwa kuwa hapakuwa na mtu anayejua cha kutazama."

Kinyume chake si rahisi. Kuligeuza sikio ni kuugeuza mwili, na kuugeuza mwili ni kuuhamishia ufunguo mkono wa kushoto. Pini ya piano inashikilia uzi uliovutwa kwa uzito wa mtu mzima, na inatakiwa isogezwe kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Mkono wa kulia umejifunza hilo kwa miaka thelathini na minane. Wa kushoto umejifunza kubeba mkoba.

Uzi wa kwanza unapitiliza. Wa pili unapitiliza kurudi chini. Anatukana, tena kwa ufundi, na Pazdera anatikisa kichwa kwa heshima.

"Maneno hayo baba yako alikuwa akiyasema kwenye baa ya Kozlov."

"Nimerithi vifaa vyote."

Saa tatu na nusu yuko hatua ya tatu. Saa nne yuko ya sita, kwapa limelowa ingawa ukumbi ni baridi kiasi cha kuona pumzi. Kila hatua anaikagua kwa zilizotangulia, anarudi, anasogeza unywele, anasonga. Haketi tena, anafanya kazi akiwa amesimama, mguu mmoja ukipiga sakafu. Zamani duara lilimchukua dakika arobaini. Hatua ya tisa peke yake inamla dakika ishirini.

Lakini sikio la kushoto likiwa juu ya nyuzi, anaanza kusikia kitu alichokikosa tangu Septemba. Kupepesuka kuna mwanzo na mwisho. Hakuna ukungu. Tano zinayumba taratibu, polepole kuliko mapigo ya moyo. Nne zinakwenda haraka kidogo kuliko tano.

Saa tano na dakika kumi anatoka B kwenda E. Imebaki moja, na hiyo hailinganishwi. E na A zote mbili zimeshakaa. Ya mwisho mtu huisikiliza tu.

Haibonyezi. Anatembea hadi safu ya mwisho ya viti na kurudi. Anakunywa kahawa ya Pazdera, machicha yake na yote.

"Bonyeza basi, mwanamke!" anafoka Pazdera. "Mimi moyo utanisimama hapa kwa kitu nisichokielewa!"

Anabonyeza.

Wo… wo… wo.

Polepole. Sawa na ndugu zake kumi na mmoja. Jarmila anaishikilia mpaka inazimika, anabonyeza tena, kisha anakwenda kwenye kona ya vitufe vyeusi na kubonyeza pale. Ileile. Hakuna anayelia.

"Tayari?"

"Mwite mwalimu."

Brázdilová anaingia, hasalimii. Anacheza kipande cha Apolena chote, mwanzo hadi mwisho. Kwenye mstari wa nne hasimami. Akimaliza anabaki ameweka mikono mapajani.

"Limefunga," anasema.

"Limefunga."

"Jumamosi utakuwepo kuanzia saa moja. Uzi ukishuka utaupandisha. Mengine nitayazungumza na wenzangu mwezi Juni, na sikuahidi kitu." Anachukua koti. "Na mtoto utamwambia wewe. Si mimi."

"Nimpigie mama yake sasa?"

"Malizia piano kwanza."

Zimebaki nyuzi zaidi ya mia mbili. Kutoka katikati anazisambazia sauti juu na chini, na saa nane mchana, watoto wa zumari wanapoanza kuingia na kulalamika baridi, anatoa utepe mwekundu na kufunga kifuniko. Bega la kushoto halinyanyuki.

Simu anaipigia kwenye korido, amesimama, kisha anatembea, kisha amesimama tena, ameiweka upande wa sikio zima. Mama yake Apolena anamsikiliza bila kumkatiza.

"Kesho anatoka shule saa nane," sauti inasema mwishowe. "Saa tisa atakuwa nyumbani. Atakayekufungulia mlango ni yeye. Mimi nitakuwa jikoni, na sitakusaidia."

Jarmila anatoa daftari. Ndani yake kuna majina ya watu ishirini na sita ambao piano zao alizilinganisha tangu Septemba mpaka leo. Anataka kuzirudia zote, kwa mkono wa kushoto, bila kuwadai chochote, na kila mmoja atamweleza sababu. Wengine watamfukuza, hilo amelihesabu. Kwa mwendo wa leo atamaliza mwezi wa sita, kabla ya kikao cha shule. Juu ya orodha ameandika Vrtalová na kuipigia mstari mara mbili, kwa kuwa nyumbani kwao pia iko piano, na inawezekana nayo inavuja kama pipa.

"Utamwambia nini?" anauliza Pazdera. Amerudisha joto, na boila linanguruma chini ya sakafu.

"Kwamba kosa lilikuwa langu."

"Hilo watoto wanaambiwa kila siku. Hawaamini."

Jarmila anavaa koti, mkono mmoja, anauvua, anautafuta mwingine. Anakwenda hadi mlango wa nje na kurudi.

"Basi nitamwambia hivi. Siku ile humu ndani tulikuwa watu wazima mia moja. Walimu, wazazi, mimi fundi. Sauti ilipopinda, kila mtu alibaki kitini, halafu tukapiga makofi. Aliyeisikia akasimama alikuwa mmoja, yeye."

Anavuta zipu ya koti hadi kidevuni.

"Nitamwambia mikono yake sijui. Mikono si kazi yangu. Lakini masikio yale asiyaache."